Maji Bado Yamo

Juist, 14 Oktoba 1887

Mwanangu Foelke,

Nimefika kisiwa cha kwanza na mwili wote upo. Wale waliosema pale bandarini Greetsiel kwamba mzee Menso atatapika kabla mashua haijatoka mferejini, waambie aliyetapika ni mwenye mashua. Mimi nilikaa nikala mkate wangu na samaki.

Usicheke mwandiko. Kalamu naishika kama shazia, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ndiyo maana karatasi ina matundu. Shule nilikwenda majira mawili ya baridi tu, na yote mawili nilishinda nikimtengenezea mwalimu viatu. Lakini nimeapa kukuandikia mwenyewe mpaka nimpate mumeo. Mchungaji simwombi aniandikie. Mambo ya Tjark ni yangu na wewe.

Hapa ni mchanga, na nyuma ya mchanga ni mchanga. Mtu akifunga mlango asubuhi, jioni anaufukua. Nimepita nyumba hadi nyumba kuuliza kama bahari imeleta mtu, hai au vinginevyo. Hiyo "vinginevyo" naitaja kwa adabu tu. Fikiria mwenyewe: chombo chao kilipinduka karibu na fungu la mchanga, na Eilert mwenzake akafika juu ya fungu. Eilert! Mtu asiyeweza kuogelea ndani ya beseni. Alikuwa amevaa zile buti za kununua sokoni Emden, pana kama ndoo, akazipoteza zote mbili, akaletwa nyumbani peku. Sasa kama mjinga yule ameokoka, Tjark mwenye kifua kile, na miguuni ana buti nilizomshonea mimi baba yake, atashindwaje? Maji yamembeba upande wa mashariki, basi. Maji ya huku yote huenda mashariki, na visiwa vimepangana huko kama vifungo vya koti. Nitashika kimoja baada ya kingine.

Sasa jambo la karakana. Buti za mdogo wako Renko nimeziacha zinaning'inia kwenye boriti, zimejaa maji hadi ukingoni. Unaijua desturi yangu: buti mpya hulala na maji usiku kucha, asubuhi sakafu ikiwa kavu ndipo mwenyewe anakabidhiwa. Hizi nimeziachia mpaka nirudi. Wanaobisha waje watazame. Usimwage hata tone, na uniandikie kama maji bado yamo. Kutoka mto Ems hadi mto Weser hakuna mtu mwingine anayeshona buti ikashika mguu namna ile, haivuki mguuni mpaka mwenye mguu asaidiwe kuvuta.

Menso Harms,
mshona buti bora kutoka Ems hadi Weser


Greetsiel, 20 Oktoba

Baba,

Barua yako imefika na matundu yake. Jirani nimemsomea ile sehemu ya mwenye mashua, akacheka hadi akakohoa.

Maji bado yamo. Sakafu ni kavu.

Baba, rudi. Baridi inakuja na kifua chako nakijua mimi ninayekukanda. Umemtafuta, imetosha, hakuna atakayekusema. Nguo nyeusi nimeshazishona. Sihitaji kuonyeshwa kaburi ndipo nijue kwamba mimi ni mjane.

Mambo ya kazi usihangaike nayo, hakuna haraka. Renko alikuja Jumapili, akasimama chini ya buti zake akazitazama kitambo kirefu, halafu akaenda zake. Unamjua alivyo. Eilert hatoki nje.

Rudi tu, Baba. Nitakupikia zile njegere na nyama ya moshi.

Mwanao,
Foelke


Baltrum, 28 Oktoba

Foelke, mwanangu,

Keti kwanza. Umeketi?

Norderney sikuandika kwa sababu hakuna cha kuandika. Kule ndiko matajiri wa mjini hulipa pesa ili wakaoge baharini. Sisi maisha yetu yote tunamwomba Mungu tusioge humo, wao wanalipa. Nikavuka kuja Baltrum.

Jana asubuhi maji yamekupwa, natembea ufukweni, nikaona nyayo. Nikainama. Kisiginoni misumari imepigwa kama mwezi mchanga, na kwenye vidole misumari mitatu imesimama kama watu kanisani. Hiyo ni nyundo yangu, Foelke. Dunia nzima hakuna mwingine anayepiga hivyo. Nyayo zilikuwa mbichi, maji yanajikusanya ndani yake bado. Nikakimbia. Wewe unajua lini mimi nilikimbia mara ya mwisho? Nilikimbia nikimwita jina lake, na upepo unanirudishia jina mdomoni. Nikapanda kilima cha mchanga kwa mikono na magoti, na kule chini nikamwona, mgongo mpana, amebeba mzigo wa nyasi.

Akageuka. Alikuwa mtu mwingine.

Anaitwa Harm, ana ng'ombe wawili na kibanda. Buti ni zile, nilizishika kwa mkono wangu. Lakini zote mbili zimepasuliwa kutoka juu hadi kifundo cha mguu, kisha zimeshonwa upya kwa kamba ya wavu, mshono wa kufungia gunia la viazi. Nilimuuliza nani ameniharibia kazi, na ziko kwake kwa nini. Akawa mwekundu, akasema mambo hayo anayasema mkewe, Gesche, na mkewe yuko bara, Nessmersiel, anamuuguza dada yake, atarudi na mashua ya juma lijalo. Nimemwambia nitangoja. Mwanaume mzima hawezi kufungua mdomo mpaka mkewe afike na ufunguo.

Nimepata dari ya kulala. Nitangoja hata hadi Pasaka. Maji bado yamo?

Menso Harms,
mshona buti bora kutoka Ems hadi Weser


Greetsiel, 31 Oktoba

Kwa Bibi Gesche, mke wa Harm wa Baltrum, kwa dada yake Nessmersiel

Bibi, hunijui. Mume wako anavaa buti za mume wangu. Sizidai, nawaachia. Mzee anayewangoja huko kisiwani ni baba wa mume wangu, na buti hizo alizishona yeye.

Yeye hajui lililotokea majini. Sisi wengine wote hapa Greetsiel tunajua, kwa sababu Eilert, aliyeokoka, alinieleza siku ile ile, na nikawaomba watu wote wafunge midomo. Tjark alikuwa anaogelea vizuri kuliko Eilert. Buti ndizo zilizomvuta. Zilijaa maji na hazikuvuka.

Mzee huyu hana mke, na sasa hana mwana. Amebaki na jina la buti zake. Akijua, hatamaliza hata majira haya ya baridi.

Kwa hiyo nakuomba, kama mwanamke kwa mwanamke. Kama mume wangu mlimkuta, mimi niambie ukweli. Yeye mwambie mliziokota buti peke yake mchangani, tupu. Atasikitika, atachoka, atarudi nyumbani.

Foelke Harms


Nessmersiel, 4 Novemba

Bibi Foelke,

Naandika upesi, mashua inangoja maji yajae.

Tulimkuta. Alikuwa upande wa kaskazini, amelala kifudifudi, mkono mmoja chini ya kichwa kama mtu aliyechoka. Alikuwa na shali ya bluu shingoni yenye kiraka cha kijivu. Nadhani kiraka ni mkono wako.

Kwetu bahari ikileta mtu, anayemzika ndiye anayechukua buti. Sio wizi, ni ujira wa kaburi, tangu zamani, na wewe umeolewa pwani unajua. Harm alivuta. Mimi nikamshika marehemu mabegani, Harm akavuta tena, hazikutoka. Ikabidi kuzipasua kwa kisu. Na nikueleze, umesema nikueleze ukweli: zilipopasuka, maji yalimwagika kama kutoka mtungini. Yalikuwa yamo yote. Siku zote zile baharini na halikuvuja hata tone. Harm alisema sijaona kazi kama hii maishani. Alikuwa anasifu, maskini.

Amelala nyuma ya kilima cha mchanga pamoja na wale wasio na majina. Nimemwekea ubao.

Mzee wako nitamwambia kama ulivyotaka. Mimi si hodari wa kudanganya, lakini chai nitamimina.

Gesche


Baltrum, 9 Novemba

Foelke! Vua nguo nyeusi!

Gesche amerudi na nimeketi mezani kwake. Alinipa chai, na unajua desturi, mgeni asipotia kijiko kikombeni mwenyeji anaendelea kumimina. Mimi kijiko sikukigusa. Alimimina na mimi nikauliza, akamimina na mimi nikauliza, hadi birika likakauka, na maneno yake ni yale yale: buti waliziokota mchangani. Tupu. Hazina mtu.

Umeelewa, au lazima mzee asiyesoma akufafanulie? Buti zangu hazivuki, hilo mimi ndiye shahidi wake. Basi zimetokaje? Zimepasuliwa kwa kisu! Kutoka juu hadi kifundo, mkato mmoja ulionyooka, kazi ya mkono usiotetemeka. Tjark mwenyewe amezipasua majini, akaziacha ziende, akaogelea. Na kisu ni kile nilichompa mimi siku ya harusi yenu. Gesche anasema waliziona zimepasuka hivyo hivyo, na ni kweli, sura yake ilikuwa imeiva kwa aibu ya ule mshono wa mumewe.

Mwanangu yu hai. Ana miguu mitupu, yuko kisiwa fulani mbele, labda amegonga kichwa hakumbuki kwao. Hilo hutokea. Kesho navuka Langeoog.

Mwambie Eilert atoke nje, nimemsamehe. Mwambie Renko asikae mbali na buti zake. Na weka kikombe cha Tjark mezani, nimeona ulikiondoa kabla sijasafiri, ukadhani sikuona.

Menso Harms,
mshona buti bora kutoka Ems hadi Weser, na baba wa mtu aliye hai


Spiekeroog, 26 Novemba

Foelke,

Barua yako ya "rudi" nimeipata Langeoog, na ile nyingine ya "rudi" nimeikuta hapa. Wewe ni mke wa aina gani? Mumeo anatembea peku kwenye baridi na wewe unamwandikia baba yake habari za njegere.

Langeoog bibi mmoja aliniambia amemwona mtu asiye na kofia, alikula uji kwake kisha akaenda. Nikamuuliza alikuwa na viatu? Akanitazama kwanza, halafu akasema hapana, hakuwa na viatu. Unaona? Hapa Spiekeroog mlinzi wa ufuko amesema labda, inawezekana, mzee keti upumzike. Watu ni wema sana. Nikimuuliza mtu kama alikuwa mrefu, anasema mrefu. Kama ana nywele nyekundu, anasema nyekundu. Juzi kwa kujaribu nilimuuliza mmoja kama alikuwa na kovu shavuni. Akasema ndiyo, kovu.

Tjark hana kovu.

Hapo nilikaa kidogo kwenye mchanga. Halafu nikasimama, maana pengine amelipata baadaye.

Kifua kinanisumbua, usiku hakilali. Koti nimempa mwenye mashua ili anivushe Wangerooge, mwisho wa visiwa. Anasema barafu imeanza kufunga njia, anakataa, nitamshinda. Hapa kuna uwanja wanapozika wasio na majina. Nimepita mbali nao. Sina kazi nao.

Wateja wangu waambie wavumilie, lazima kazi imelundikana hadi mlangoni. Hujaniambia kama maji bado yamo. Mara mbili hujaniambia.

Menso Harms


Greetsiel, 2 Desemba

Baba,

Usivuke kwenda Wangerooge. Nakuomba, soma barua hii hadi mwisho kabla hujamwita mwenye mashua.

Tjark amekufa. Amezikwa Baltrum, nyuma ya kilima, na Gesche amemwekea ubao. Gesche alikudanganya kwa sababu mimi nilimwomba. Nilidhani utachoka na kurudi. Sikujua kwamba nakupa kitu cha kukimbilia.

Eilert alinisimulia, na naandika alivyosema: "Alikuwa anazipiga teke, Foelke. Mimi zangu zilitoka zenyewe. Nilimvuta mguu nikaishiwa pumzi, nikazama, nikarudi tena. Akaniambia kata, Eilert, kata. Sikuwa na kisu. Na kisu chake kilikuwa chomboni kwenye ubao wa samaki."

Harm ndiye aliyezipasua, ufukweni, Tjark amekwisha kufa. Maji yalikuwa yamo.

Kazi haijalundikana, Baba. Hakuna kazi. Wanaume wote wa bandari wamevua buti zako, wanakwenda baharini na za Emden. Walitaka kukwambia, nikawakatalia. Ukipita wanazivaa zako ili usione, ukiondoka wanabadilisha. Renko ameapa hatazigusa zake, na mimi ndiye niliyemwapisha.

Kuna siku nilitaka ujue. Sitakuficha na hilo. Ulikuwa unajisifu mezani na mimi nimeshika sufuria, nikataka kukupiga kwa maneno ya Eilert, uumie kama ninavyoumia. Halafu nikakuona unaipulizia chai yako ipoe kama alivyokuwa akifanya yeye, nikashindwa.

Sasa nimeandika. Kama nimekuua nimekuua, lakini sikuweza kukuacha ufe kwenye barafu ukimtafuta mtu wa uji.

Maji bado yamo. Ndiyo maana sikujibu.

Rudi nyumbani.

Foelke


Baltrum, 17 Desemba

Foelke,

Nilikasirika. Niliikunja barua yako nikasema huyu mwanamke anataka mume mwingine. Nikakaa nayo mfukoni siku nzima, jioni nikamwambia mwenye mashua anirudishe huku. Hakunidai zaidi, akanirudishia na koti.

Gesche alifungua mlango. Akaweka birika. Nikamwambia sasa nieleze ya kweli, na kijiko sikukigusa. Akaeleza. Harm alikuwa amekaa miguu chini ya kiti ili nisizione buti. Nilimuuliza Gesche lile la maji mara nyingi, yalikuwa mengi kiasi gani, yalikuwa safi, yalimwagika upande gani. Akajibu, akamimina, akajibu, hadi alipochoka akachukua kijiko changu yeye mwenyewe, akakitia ndani ya kikombe changu. Sijawahi kumwona mwenyeji akimfanyia mgeni hivyo. Nikajua imetosha.

Nimekwenda pale. Ubao hauna jina. Nimeliandika kwa ncha ya msumari, TJARK, herufi zimepinda lakini zinasomeka. Mchanga unasogea, Harm anasema baada ya miaka michache kilima kitakuwa kimepita juu yao wote na kwenda zake. Nikamuuliza na wao watakwenda? Akasema hapana, wao watabaki.

Harm alitaka kunipa buti. Nikamwambia avae. Akaniuliza kama nataka kuushona upya ule mshono wake, maana unaniudhi. Nikamwambia auache ulivyo.

Sitarudi sasa. Barafu imefunga, na hata isingefunga, sijui nitapitaje bandarini wakati watu wanakimbia kubadilisha viatu kwa ajili yangu. Nitakaa hapa darini. Usiniletee dawa ya kifua.

Nakuagiza jambo moja, ulifanye siku utakayopata barua hii, hata kama ni Krismasi. Kwenye meza yangu ya kazi, mkono wa kulia, kuna kisu kifupi chenye mpini wa mfupa. Ni kikali, jihadhari na kidole. Simama chini ya boriti. Usizishushe kwanza buti za Renko. Ingiza ncha ukingoni na ukate hadi kifundo, zote mbili, mkato mmoja. Ngozi ni ngumu, nimeipaka mafuta mara nyingi, kwa hiyo utumie nguvu. Usisite.

Maji yatamwagika. Yaache sakafuni, usiyafute.

Halafu uniandikie.

Menso